Wanafunzi wa filamu: acheni kukimbilia kamera, anzeni na sauti (uzi wa vifaa na namna ya kuvijifunza)

Fundi Mitambo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mwanafunzi kuuliza "nitafute kamera gani?", na majibu yake ni majina ya modeli tupu. Sijaona anayemuuliza kama amewahi kuvaa hedifoni akasikiliza chumba. Mimi huwafundisha wanafunzi kushika vifaa, na msimamo wangu ni huu: anza na sauti, njoo kwenye mwanga, halafu ujue kutunza mafaili, kamera iwe ya mwisho. Najua nitashambuliwa. Karibuni, ila msome kwanza.

Picha ikiwa na giza kidogo au ikitikisika, mtazamaji anavumilia, pengine atadhani ndivyo ulivyokusudia. Mazungumzo yasiposikika anaondoka. Halafu mtambo wa kurekodi sauti una vitufe vichache kuliko kamera, hivyo mwanafunzi anaweza kuujua wote, mpaka mwisho, kabla hajachanganyikiwa. Kujua kifaa kimoja chote kunakupa ujasiri ambao kubabaisha vifaa kumi hakukupi.

Somo la kwanza la sauti ni umbali. Chukua maiki yoyote, mwambie mwenzako asome aya moja ukiwa umeiweka nusu mita kutoka mdomoni, kisha mita moja, kisha mita mbili. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Ukija kupandisha sauti kwenye kompyuta, unapandisha na mwangwi wake. Ndiyo maana maiki ya kawaida iliyo karibu huishinda maiki nzuri iliyo mbali, na ndiyo maana ile iliyopachikwa juu ya kamera inakuangusha hata kama imeandikwa "ya kitaalamu".

La pili ni kipimo. Kwenye mitambo ya kidijitali sifuri ndiyo dari, na sauti ikigonga dari inapasuka, kilichopasuka hakishonwi. Acha vilele vya mazungumzo vicheze karibu na desibeli -12, na mtu akitarajiwa kupiga kelele katika tukio hilo, fanyeni jaribio la kelele zenyewe, si la "moja mbili tatu" ya kunong'ona. Rekodi kwa kHz 48 na biti 24, ndicho kiwango cha kazi za video.

La tatu hulipuuza karibu kila mwanafunzi: kabla ya kufungasha, wote mnyamaze sekunde 30 hadi dakika moja, mrekodi ukimya wa chumba hicho. Ukimya wa jikoni si sawa na ukimya wa darasani. Mhariri akikata kikohozi katikati ya sentensi, pale alipokata panabaki shimo linalosikika, na ni ule ukimya wenu tu unaoweza kuliziba.

Mwanga nitaushusha kwenye posti inayofuata.

Kivuli Kirefu

Nimeweka kambi.

Jicho la Tatu

Mkuu nakuheshimu, ila hapa umeteleza. Mimi nataka kuwa mpiga picha. Sauti ina watu wake. Nikipoteza muhula mzima nashika fimbo ya maiki, wenzangu watakuwa wameshazoea lenzi. Hakuna mtu anayeajiriwa kupiga picha kwa sababu anajua desibeli.

Fundi Mitambo

Jicho la Tatu, hoja yako ina uzito na nilikuwa naisubiri. Ila fikiria hivi. Umeamua fremu pana inayoonyesha chumba chote. Mtu wa sauti analazimika kurudisha fimbo nje ya fremu, maiki inakuwa mbali na wasemaji. Ukipiga fremu ya karibu, maiki inashuka mpaka juu ya paji la uso. Sasa wewe una kamera mbili, unaziwasha pamoja, moja pana na nyingine ya karibu, kuokoa muda. Umeshamnyonga mtu wa sauti: kamera pana inamfukuza, na ile ya karibu inabaki na sauti ya mbali juu ya uso unaojaza skrini. Mpiga picha aliyewahi kusimama na fimbo juu ya kichwa, mikono ikitetemeka, hupanga fremu zake kwa akili zaidi. Pia anajua kuwa kivuli cha maiki ukutani kinatokana na mahali alipoweka taa yeye mwenyewe.

Wala sijasema muhula mzima. Wiki chache za kusikiliza kwa bidii zinatosha kukufungua masikio.

Binti Fremu

Naunga mkono hoja ya mleta mada, ila naongeza: hedifoni ziwe za kufunika masikio yote, na uzivae muda wote wa kurekodi, siyo mwanzoni tu. Maiki za kubana kwenye nguo zina tabia ya kukaa kimya wakati wa jaribio, halafu mwigizaji anapoanza kutembea kitambaa kinaanza kusugua. Bila hedifoni utaligundua hilo nyumbani.

Fundi Mitambo

Asante dada, hilo ni dhahabu.

Tuje kwenye mwanga. Kosa la kawaida ni kudhani mwanga ni suala la *wingi*. Wingi unarekebishika kwa urahisi. Kinachobadilisha uso wa mtu ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganisha na mtu huyo, na upande kinakotoka. Balbu tupu ni kitone kidogo, itatoa vivuli vyenye makali. Balbu hiyohiyo ukiielekeza kwenye shuka jeupe lililotandazwa, chanzo chako sasa ni shuka zima, na vivuli vinalainika. Sogeza shuka mbali na mtu, linageuka kuwa dogo machoni pake, makali yanarudi. Ukilielewa hili hutadanganywa tena na picha za matangazo ya taa.

Kisha kuna sheria ya umbali. Taa ndogo ikihamishwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu haubaki nusu, unabaki robo. Kwa lugha ya wapiga picha umepoteza stopu mbili (kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili): kama tundu la lenzi lilikuwa f/4, sasa unahitaji f/2, maana namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Sheria hiyo ni chombo cha kuchoresha picha. Taa ikiwa karibu sana na mwigizaji, ukuta ulio nyuma yake unatumbukia gizani. Ukiirudisha taa mbali, mwigizaji na ukuta wanakaribiana kwa mwanga. Yaani unaweza kubadilisha chumba bila kuongeza hata taa moja.

Zoezi: kaa na mwenzako karibu na dirisha, zima taa zote. Mgeuze taratibu, dirisha likiwa mbele yake, ubavuni, kisha nyuma. Weka karatasi nyeupe upande wa giza uone uso unavyofunguka, kisha weka kitambaa cheusi uone unavyozama. Hakuna kifaa hapo, na umejifunza nusu ya kazi.

Rangi nazo. Balbu za kizamani za waya wa tungsten zipo kati ya kelvini 2700 na 3200 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), kamera inaziona za rangi ya chungwa. Mwanga wa mchana unahesabiwa 5600, wa buluu zaidi. Ukivichanganya kwenye uso mmoja, kamera haina pa kushika: ukirekebisha shavu moja, la pili linaharibika. Chagua kimoja, kingine kizime au kizibe. Na msiwaamini LED za ovyo. Zinaweza kuonekana nyeupe kwa jicho lakini zikanyima ngozi wekundu wake, mtu anaonekana mgonjwa, na kurekebisha rangi baadaye hakurudishi kilichokosekana kwenye mwanga wenyewe.

Usalama, kwa ufupi kwa sababu watu huwa wanaruka: waya wa kurefusha umeme uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kubeba taa nzito, vinginevyo unapata joto na unaweza kuyeyuka. Stendi ya taa iwekewe mfuko wa mchanga. Taa ikianguka haianguki sakafuni kila mara.

Mnyonge Mwenye Ndoto

Wakuu mimi nina simu tu. Hizo f/4 na kelvini kwangu ni hadithi. Nifanye nini au nisubiri?

Kivuli Kirefu

Usisubiri. Mwongozaji wa Marekani Sean Baker alipiga filamu yake ndefu *Tangerine*, iliyotoka 2015, kwa iPhone 5s. Simu yako huenda ni ya juu kuliko hiyo.

Jicho la Tatu

Huo mfano umechakaa sasa. Wasichosema ni kuwa alibandika lenzi ya ziada mbele ya simu, alitumia programu ya kuendesha kamera kwa mkono, na sauti haikurekodiwa na maiki ya simu.

Fundi Mitambo

Jicho la Tatu, umeona? Sasa unanisaidia mimi. Sauti ilishughulikiwa na watu wenye vifaa vya sauti. 😄

Mnyonge, sikiliza ndugu yangu. Simu inakuharibia kwa kukusaidia sana. Unapiga tukio, mtu anapita na shati jeupe, simu inapunguza mwanga wa picha nzima yenyewe. Hivyo tafuta programu inayokuruhusu kufunga mwanga, fokasi na rangi. Hata kamera za kawaida za simu nyingi hufunga mwanga na fokasi ukibonyeza skrini na kushikilia. Kwenye simu tundu la lenzi kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo unacheza na kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga) peke yake. Hilo si hasara kwa anayejifunza, una vitu viwili vya kuelewa badala ya vitatu.

Kuna mtego mmoja ambao hutaambiwa: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopanda na kushuka, siyo 30 thabiti. Ukirekodi sauti pembeni kwa kifaa kingine, mwanzoni midomo na maneno vitaenda pamoja, baada ya dakika kadhaa vinaachana. Ama tumia programu inayofunga kasi ya fremu, ama kabla ya kuhariri geuza video iwe ya kasi thabiti kwa HandBrake, programu ya bure. Na piga makofi mbele ya kamera mwanzo wa kila rekodi ili upate pa kuoanishia.

Kama hata simu haipo, bado. Shule ya filamu ya Moscow ilianzishwa 1919 wakati filamu ghafi (mkanda wa kurekodia) ilikuwa adimu mno. Mwalimu wake Lev Kuleshov na wanafunzi wake walikuwa wakiigiza kinachoitwa "filamu bila filamu", matukio yaliyopangwa kana kwamba kamera ipo. Unaweza kuchukua tukio la kurasa mbili, ukaweka mkanda wa rangi sakafuni, ukaamua kamera ingesimama wapi na kwa nini. Vifaa vikija, maamuzi tayari unayo.

Binti Fremu

Mkuu wakati unashusha nondo, eleza na kamera basi. Maana wengine tunazo za chuo, tunapewa siku mbili tunarudisha.

Fundi Mitambo

Haya, kamera.

Kwanza hapo mnapokabidhiwa. Msiondoke mlangoni na begi mkalifungua porini. Fungua hapo hapo: washa, rekodi sekunde kumi, zirudishe ucheze, sikiliza sauti kwa hedifoni. Angalia betri zote, siyo ile iliyomo ndani tu. Na ile sahani ndogo inayofungwa chini ya kamera kisha kuchomekwa juu ya tripodi, hiyo ndiyo hupotea kuliko kitu chochote, kwa sababu aliyetangulia alirudisha tripodi lakini sahani ikabaki imeng'ang'ania kamera nyingine. Tripodi isiyo na sahani ni fimbo tatu.

Pili, zima kila kitu cha otomatiki. Kasi ya fremu ukishaamua, shata inajiamulia karibu yenyewe: mazoea ni shata kuwa mara mbili ya kasi ya fremu. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Hapo mkono unaopita unaacha ukungu mwepesi ambao macho yetu yameuzoea. Ukipandisha mpaka 1/1000, miguu ya mtu anayekimbia itaonekana inarukaruka vipande vipande. Kuna wanaoitaka hali hiyo kwa makusudi kwenye matukio ya vita, sawa, ila iwe kwa makusudi.

Shata inahusiana na umeme pia. Umeme wa Hz 50 unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 na 1/100 ziko salama. Kwenye Hz 60 tumia 1/60 au 1/120. Ukiona mistari inatembea juu ya picha, usiipeleke kamera kwa fundi kabla hujagusa shata.

Sasa uko nje, jua kali, shata umeifunga 1/50, ISO iko chini kabisa, unataka f/2.8, picha ni nyeupe tupu. Hapo wengi wanapandisha shata. Dawa ni kichujio cha ND, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga bila kugusa rangi. ND8 inakata stopu tatu. Mwanafunzi akiwa na bajeti ya kununua kitu kimoja kwa ajili ya kamera ya kuazima, anunue hicho.

Fokasi ndiyo itakayowatoa jasho. Lenzi ya mm 50 kwenye kamera yenye sensa kubwa (kipande kinachonasa mwanga, hapa cha ukubwa wa filamu ya mm 35), f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu, eneo lililo kali ni kama sentimita 10 tu. Mwigizaji akiinamia mbele kucheka, macho yameshatoka. Wanafunzi wanapenda f/1.8 kwa sababu nyuma panayeyuka na picha "inaonekana sinema". Fungeni mpaka f/4 mjifunze kupanga vitu nyuma ya mtu. Nyuma pakionekana, unalazimika kufikiri.

Zoezi la siku mbili: siku ya kwanza kila mtu arekodi tukio lilelile, mtu anaingia, anakaa, anafungua barua, na abadilishe kitu kimoja tu kila mara. Lenzi tu. Kisha tundu tu. Kisha urefu wa tripodi tu. Siku ya pili zungusheni nafasi: aliyeshika kamera ashike fimbo, aliyeshika fimbo aongoze. Acheni gimbal (kishikio cha kuzuia kamera isitikisike ukitembea) kabatini. Itakula nusu siku yenu kuisawazisha na hamtajua chochote kipya kuhusu picha.

Kivuli Kirefu

Hapo kwa gimbal umenigusa. Darasani kwetu kila filamu ni mtu anatembea anafuatwa kwa nyuma.

Jicho la Tatu

Nakubali kwenye f/4, nakataa kwenye mpangilio. Bado nasema mwanafunzi apewe kamera siku ya kwanza, la sivyo anapoteza hamu. Hamu ndiyo mafuta. Mpe kamera, aharibu, halafu mwambie "sasa sikiliza ulichorekodi". Hapo atakuja mwenyewe kwenye sauti.

Fundi Mitambo

Hilo la hamu siwezi kulipinga. Kwa darasa lenye kamera za kutosha njia yako inaweza kufanya kazi. Kwa darasa la watu ishirini na kamera moja, kumi na tisa watakuwa wanatazama mgongo wa mmoja. Hapo njia yangu inawapa wote kazi ya kushika.

Mnyonge Mwenye Ndoto

Vipi kuhusu kuhariri? Laptopu yangu inakwama nikiweka video ya 4K. Picha inasimama sauti inaendelea.

Fundi Mitambo

Hiyo ni sehemu ya mafaili niliyoahidi, na ndiyo iliyoua filamu nyingi za wanafunzi kuliko kamera mbovu.

Laptopu haikwami kwa sababu ya ukubwa wa faili peke yake. Kodeki (njia za kubana video) kama H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu nzima. Fremu chache zinahifadhiwa kamili, nyingine zinaandikwa kama tofauti kati yao. Ukisogeza kishale katikati, kompyuta inabidi ijenge upya fremu kutokana na majirani zake. Kwa kutazama ni sawa, kwa kukatakata ni mateso. Suluhisho ni proksi: nakala nyepesi za video zako, pikseli chache na kodeki rahisi. Unahariri kwa hizo, na unapotoa kazi ya mwisho programu inarudi kwenye mafaili halisi. DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri, inazitengeneza yenyewe. Kitu kimoja ndani yake: panga kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza video yoyote, kwa sababu ukishaingiza inajifunga.

Nafasi ya kuhifadhi ipigie hesabu kabla. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, gawanya kwa 8, ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Dakika moja ni megabaiti 750, saa nzima ni gigabaiti 45. Kadi ya GB 64 itakupa saa moja na dakika ishirini hivi. Alama ya V30 kwenye kadi maana yake haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde ikiandika mfululizo, kwa hiyo kazi hiyo inaimudu. Hesabu hii ifanyeni usiku wa kuamkia kazi.

Kunakili: chukua folda zote za kadi kama zilivyo, usichomoe video peke yake. Baadhi ya kamera hukata rekodi ndefu vipande na kuweka maelezo ya kuviunganisha kwenye mafaili madogo ya pembeni ambayo mtu anayaona takataka. Nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti. Diski mbili, siyo folda mbili za diski moja!

Binti Fremu

Na kufuta kadi tufanyie kwenye kamera au kompyuta?

Fundi Mitambo

Kwenye kamera, ile ile itakayorekodi. Inajenga folda zake inavyotaka. Lakini usifute mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa, mwanzo, katikati na mwisho. Kadi iliyojaa na haijanakiliwa igeuzwe uso chini kwenye kasha lake, au ibandikwe utepe mwekundu, chochote mtakachokubaliana, ila mkubaliane kabla ya kazi kuanza na mtu mmoja tu ndiye awe na ruhusa ya kufuta.

Jicho la Tatu

Mtu huyo asiwe mwongozaji. Mwongozaji saa kumi na moja jioni hajui hata jina lake.

Mnyonge Mwenye Ndoto

Shukrani wakuu. Nimejaribu ile ya dirisha leo na mdogo wangu, na ile ya maiki kwa simu ya mama. Kwenye mita mbili sauti imekuwa kama tuko ndani ya tangi la maji. Kesho natafuta shuka. Swali moja: mapazia mazito yanapunguza mwangwi au ni imani tu?

Binti Fremu

Yanapunguza, hasa sauti za juu. Ila usiyatandaze yakashikana na ukuta, yaache yawe na mikunjo na nafasi kidogo nyuma yake. Blanketi sakafuni na godoro lililosimamishwa nyuma ya kamera, upande anaotazama msemaji, vitakusaidia zaidi. Mngurumo wa chini wa friji hauondoki kwa pazia, huo uzime swichi, na uweke funguo zako ndani ya friji ili usiondoke bila kuliwasha tena.